Nyumba ya Bibi, Mapambo ya Mgahawa



Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, mniwie radhi. Nilikuwa Kigoma. Si ile Kigoma ya ziwani ambayo wengi wenu mnaijua kwa migebuka na mawese, bali kule juu, Kasulu na Kibondo, ambako asubuhi unatafuta sweta na vilima vimejaa migomba. Ofisini nilitumwa habari moja nyepesi: kuna mgahawa wa chakula cha afya umefunguliwa Kasulu, ndani umepambwa kwa vifaa vya asili visivyoharibu mazingira, nenda ukaandike. Maneno 400 na picha mbili. Habari imeshatoka na wengine mmeisoma. Lakini yaliyobaki kwenye daftari ni mengi kuliko yaliyochapishwa, na mhariri wangu aliniambia kwa upole kwamba historia haiuzi gazeti. Haya basi, nimeileta hapa ambako hakuna anayeuza kitu.

Nianze na mgahawa wenyewe. Jina silitaji, maana hili si tangazo. Mwenyewe ni mama wa makamo, muuguzi mstaafu, ambaye anasema alichoka kuona wodini watu wa kisukari na presha wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Kuta zake ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Hayakuchomwa. Dari ni mkeka wa matete. Taa zimevishwa nyungo, kwa hiyo mwanga unapita kwenye vitundu vya ungo na kuchora madoa ukutani. Maji ya kunywa yako kwenye mtungi wa udongo. Viti vimetengenezwa kwa mabaki ya mbao za mninga kutoka kwa mafundi seremala. Hakuna feni, ila madirisha yanatazamana na upepo unapita.

Chakula ni uji wa ulezi, ugali wa muhogo, maharage, kisamvu, dagaa wa Ziwa Tanganyika na viazi vitamu. Soda haiuzwi. Chai inaletwa na asali ya Kibondo badala ya sukari. Bei ni kama mara mbili ya mama ntilie wa stendi, na wateja niliowakuta ni wafanyakazi wa mashirika, wa benki, na sisi wageni wenye kamera.

Kilichonichekesha ni paa. Ukiliangalia kwa nje ni nyasi tupu, nene, zimekatwa kingo vizuri kabisa. Ukiingia jikoni na kuangalia juu unaona bati. Nikamuuliza, mama, hii imekaaje? Akacheka. "Bati ni la mvua, mwanangu. Nyasi ni za joto, kelele na wateja."

Jioni nilikwenda kwa bibi mzaa mama, kijiji kimoja kati ya Kasulu na Kibondo. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazitazama muda mrefu, akasogeza simu karibu na macho, kisha akaniuliza: "Mume wangu, hawa wamekosa bati?"

Hapo ndipo habari yangu halisi ilipoanza.

Wengi wetu tuliozaliwa mijini tukisikia nyumba ya nyasi tunafikiria umaskini. Mimi shuleni nilikuwa nasema nyumbani kwa bibi kuna bati hata kabla sijaulizwa. Mtoto wa Kigoma tayari ana mzigo wa kuulizwa kama kweli ni Mtanzania, hahitaji na nyasi juu yake. Lakini ile nyumba ya msonge ya Waha, ya mviringo, iliyosukwa kwa fito na kufunikwa nyasi karibu hadi chini, ilikuwa na akili yake. Bibi alinieleza hatua kwa hatua kama fundi. Katikati ya nyumba kulikuwa na moto. Moshi haukuwa na dirisha la kutokea, ulipenya kwenye nyasi taratibu, na ukipenya unaua wadudu wanaokula fito na unakausha nyasi. Juu ya moto palikuwa na uchaga wa kuwekea mbegu, nazo zikakaa salama na fukusi hadi msimu wa kupanda. Chini walitandika nyasi laini zilizobadilishwa zikichakaa. Nyumba ikizeeka inaoza na kurudi shambani. Hakuna kifusi.

Ukimweleza hivyo mbunifu wa majengo wa leo atakwambia hiyo ndiyo nyumba endelevu, na atakutoza kwa kukwambia.

Sasa tusidanganyane. Bibi mwenyewe hataki kurudi humo. Alinihesabia kwa vidole: nyoka, panya, kuvuja masika, macho mekundu kwa moshi, na hofu ya moto ukiwa umelala na watoto. Bati lake alilinunua kwa fedha ya maharage, bando moja moja, miaka mitatu. Analipenda. Kwa hiyo mkinisoma hapa msidhani nawaambia watu wa Kasulu warudi kwenye nyasi ili sisi tupige picha. Swali langu ni jingine: nyasi zilitokaje, na kwa nini zimerudi kwa mlango wa mgahawa?

Hiyo nchi ya Uha haikuwa pori lililolala. Ilikuwa na falme zake, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, kila moja na mwami wake. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipopita akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, watawala wa Uha walimtoza hongo ya vitambaa mara kwa mara, hadi akaamua kutoroka usiku na msafara wake akipita porini. Kusini yake, Uvinza, watu walichemsha maji ya chumvi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi pale mwaka 1967 walikuta dalili kwamba kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Na kuchemsha chumvi kunakula kuni. Kwa hiyo hata habari ya binadamu kukata miti Kigoma haikuanza jana.

Watu hawa hawakukaa vijiji vya kubanana. Kila familia ilikuwa na kilima chake au sehemu ya kilima, nyumba katikati ya migomba, ng'ombe wachache kwa wenye nacho. Utaratibu huo ulivunjwa mara mbili katika karne moja, na mara zote mbili sababu iliyotajwa ilikuwa na neno afya au maendeleo ndani yake.

Mara ya kwanza ni miaka ya 1930. Malale yalikuwa yanaua watu Uha, na serikali ya Mwingereza ikaamua kwamba dawa ni kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwakusanya sehemu chache, wafyeke vichaka, ili mbung'o wasipate pa kukaa. Kibondo iliguswa sana. Mantiki yake ya kitabibu ilikuwepo, mbung'o kweli hapendi sehemu iliyofyekwa na kukaliwa na watu wengi. Lakini kule walikohama, pori lilirudi na mbung'o wakarudi nalo, na sehemu za mashariki zikabaki za wanyama na nyuki. Sehemu ya pori lile ndiyo leo tunaita Moyowosi. Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi iliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya kwanza kutoka Tanzania. Asali ile tunayonywea chai kwa raha mgahawani inatoka kwenye mapori ya upande huo. Ukiikoroga kumbuka kwamba baadhi ya mapori hayo yaliwahi kuwa na watu.

Katikati ya miaka hiyo wanaume walikuwa wanaondoka kwenda mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa moja ya sehemu zilizotoa manamba wengi. Baba yake bibi alikwenda Tanga mara mbili. Aliporudi mara ya pili, bibi anasema, hakutaka tena nyumba ya duara. Alikuwa ameona nyumba za pembe nne. Alijenga ya pembe nne, ya miti na udongo, lakini juu aliezeka nyasi zile zile. Nimependa kipande hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba watu walikuwa wanabadilika wenyewe, kwa hatua zao, wakichukua hiki na kuacha kile. Hawakuwa wanangoja mtu aje kuwaamsha.

Mara ya pili ni Operesheni Kigoma. Kwa wale ambao historia ya shule iliishia Azimio la Arusha: Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishwa kwa operesheni, mwaka 1972, kabla ya Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka 1977 serikali ilikuwa inahesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Nia iliyotangazwa ilikuwa nzuri, nani atakataa shule, zahanati na bomba la maji? Na shule zilikuja kweli, mama yangu alisoma kwenye mojawapo. Lakini njia iliyotumika sehemu nyingi nchini ilikuwa lori na amri, na nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi.

Bibi alikuwa msichana aliyeolewa karibuni, ana mtoto mmoja. Anakumbuka lori lilikuja wakati mtama uko shambani. Waliambiwa wachukue kinachobebeka. Babu alibeba milango na majembe. Bibi alimfunga mtoto mgongoni, na kichwani akabeba jiwe la kusagia, alilopewa na mama yake alipoolewa. Hakuna aliyemwelewa. Nani anabeba jiwe wakati anaacha mtama? Hata dereva alicheka. Aligoma kuliacha. Walishushwa kando ya barabara, kwenye mstari wa viwanja, na usiku wa kwanza walilala chini ya mti. Aliyewasimamia hamtaji na mimi simtafuti.

Sasa angalieni miaka. Mwaka 1973 ndio mwaka wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Mwaka huo huo ilitungwa sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine ya redio, Chakula ni Uhai, kuhusu lishe. Mimi nazihesabu kampeni hizo kuwa miongoni mwa mambo mazuri yaliyowahi kufanywa na taifa hili, na vyoo vile viliokoa watu. Lakini ndani ya miaka ile ile, mtu wa Kigoma alisikia redioni kwamba mtu ni afya, na barabarani akaona lori. Nyumba bora ikaja kumaanisha nyumba isiyo ya nyasi. Kilichokuwa nyumba kikawa uchafu.

Na huku Dar es Salaam, Makumbusho ya Kijiji yalikuwa yameshafunguliwa tangu miaka ya 1960, yana nyumba za jadi za makabila mbalimbali, msonge wa Wahaya ukiwemo, ili tusisahau tulikotoka. Yaani nyumba ya namna moja ilikuwa inalipiwa kiingilio Kijitonyama na inabomolewa mikoani. Sijui kama kuna aliyeona kichekesho hicho wakati ule.

Baada ya hapo kuta nazo zikabadilika. Tofali la kuchoma, ambalo zamani lilikuwa la misheni na la serikali, likawa ndoto ya kila familia. Ni tofali zuri, halimomonyoki na mvua. Lakini tanuri lake linawaka usiku na mchana na linameza magogo, na mtu anayejenga vyumba vitatu anachoma kichaka kizima. Kisha wakaja wageni wetu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na maelfu wakavuka mpaka. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa Wakongo. Mwaka 2015 Burundi ikawaka tena na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya, ikifuatiwa na Mtendeli mwanzoni mwa 2016. Kambi moja ya watu zaidi ya 100,000 ni mji, na mji unaopika kwa kuni hauwezi kuacha miti ilivyoikuta. Wenyeji wanapenda kusema wakimbizi walimaliza misitu. Ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni matanuri yetu, mkaa wetu na mashamba yetu ya tumbaku yenye mabani ya kukaushia kwa moto.

Ndiyo maana ukuta wa yule mama mstaafu unanivutia kuliko nyungo zake. Tofali la kushindilia linalofungamana si la kale wala si la Ulaya. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliotokana na kitengo cha utafiti kilichoanzishwa miaka ya 1970, umelihubiri kwa miaka mingi: udongo wa pale pale, saruji kidogo, mashine ya kusukuma kwa mikono, hakuna tanuri. Na jikoni mama anatumia gesi kwa vitu vya haraka na jiko banifu la kuni kwa maharage. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa kijiji cha bibi, ambako kuni zinafuatwa saa mbili kwenda, hilo si jambo la mapambo hata kidogo.

Na chakula je, ni cha asili? Nilimtania mama mwenye mgahawa kuhusu kibao chake cha chaki kilichoandikwa "vyakula vya mababu". Muhogo, mahindi, maharage haya tunayoyala na viazi vitamu vyote vilitoka Amerika baada ya Wareno kuanza safari zao. Migomba asili yake ni Asia, ingawa imekaa huku muda mrefu sana. Wakongwe wa kweli kwenye kibao kile ni ulezi, na mtama kama angekuwa nao. Mababu wangeshangaa kuona muhogo umepewa cheo chao. Lakini mama alinijibu vizuri: "Babu zangu walipoona muhogo unafaa waliupanda. Na mimi nimeona soda haifai nimeiacha. Si ni ule ule uzoefu?" Nikakosa la kusema, nikaagiza uji mwingine.

Nimefika sehemu ambayo sikuiandika gazetini.

Mama yule alipojua kwamba bibi yangu yuko karibu, aliniomba nimsaidie kutafuta vitu vya zamani vya kupambia ukumbi wa pili: vinu, vikapu, mitungi, na hasa jiwe la kusagia. Alitaka kuliweka mlangoni na kupanda maua pembeni yake. Alitaja bei, na kwa kweli ilikuwa bei ya kumheshimu mtu, inatosha bati kadhaa. Nikaona nafanya jambo jema. Nilimpelekea bibi ujumbe huo nikiwa na tabasamu.

Vikapu alikubali mara moja. Alisema vya zamani vimeliwa na panya, lakini yeye na wenzake wanasuka, watamsukia vipya kwa hesabu anayotaka. Kinu akasema kipo, kimepasuka, achukue bure. Kwenye jiwe akanyamaza. Akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na ungo wenye ulezi kidogo. Akapiga magoti mbele ya lile jiwe, akaanza kusaga, polepole, mkono ukienda na kurudi. Ana miaka zaidi ya 70. Aliposaga kiasi cha kikombe kimoja akaniambia: "Mwambie huyo mama, akitaka kusagia uji wa wagonjwa wake nitampa bila fedha. Akitaka kupandia maua, aniachie."

Nilipeleka jibu. Mama mwenye mgahawa alikaa kimya kidogo, kisha akasema mashine ya kusaga iko ng'ambo ya barabara, hana mtu wa kusaga kwa mkono, na hawezi kudanganya. Jiwe likabaki kwa bibi. Vikapu 12 viliagizwa na malipo ya awali yametumwa kwa simu. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekosea, kwa kudhani kwamba jiwe lile ni kitu cha zamani.

Ndugu zangu, siwakatazi kupenda migahawa ya namna hii. Mimi mwenyewe nitarudi, uji ule ni mtamu. Ila ukikaa chini ya dari ya matete ukasifia mazingira, muulize mtu wa pale nyumba yao ya nyasi iliishaje. Yawezekana ilichakaa tu. Yawezekana waliibomoa kwa furaha siku bati lilipofika. Na yawezekana kuna lori. Bibi na babu zetu waliohamishwa miaka ile wanapungua kila mwaka, na wengi hawajawahi kuulizwa na mjukuu hata mmoja, maana sisi tukifika kijijini tunatafuta mtandao kwanza.

Mpigie wako simu wikiendi hii. Muulize alibeba nini.

Tafakari njema.